Emmanuel Katongole, Fizi na swali la imani katika mauaji ya halaiki

Emmanuel Katongole, padri Mkatoliki na mwanafalsafa wa Uganda, alizaliwa mwaka 1960 huko Malube, kwa wazazi waliokuwa wamehamia kutoka Rwanda, mmoja Mhutu na mwenzake Mtutsi. Alipewa upadri mwaka 1987 katika Jimbo Kuu la Kampala, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, kusomea falsafa. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalitokea mwaka 1994, katika miaka yake ya masomo, na mwaka 1996 akapata udaktari. Mwaka huohuo vita viliingia Fizi, mashariki ya Kongo, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, na katika muda wa majuma matano hivi raia wa jamii mbili zilizozoea kusali kwa Kiswahili kimoja walikuwa wamekwisha kuuawa kwa mamia. Swali ambalo Katongole amelifanyia kazi tangu wakati huo, yaani imani hufanya nini pale jamii ya waumini inapogeuka kuwa jamii ya wauaji na wauawa, lina historia ndefu katika Fizi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tasnifu yake haikuhusu vita hata kidogo. Ilichunguza uhusiano wa dini na maadili katika maandishi ya Stanley Hauerwas, mwanateolojia wa Marekani, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2000. Tangu Immanuel Kant, wanafalsafa wengi wa Ulaya walishikilia kwamba akili ya binadamu inatosha yenyewe kumwonyesha kila mtu lililo jema. Dini huja baadaye, kama fimbo ya kumtegemeza anayesitasita kulitenda. Hauerwas aliukataa mpangilio huo, na Katongole akautetea ukataaji wake kwa hoja za kifalsafa. Mtu hajifunzi wema akiwa peke yake na akili yake. Anajifunza ndani ya watu wenye hadithi zao: wazee wetu walitoka wapi, jirani ni nani, adui ni nani, kifo cha nani kinastahili kilio. Anayeichukua hoja hii kwa uzito hawezi tena kusema kwamba muuaji aliyebatizwa alikuwa na imani haba tu. Itambidi aulize ni hadithi gani nyingine iliyomlea muuaji huyo ikawa na nguvu kuliko ile aliyoisikia kanisani, na ni nani aliyemsimulia. Mara nyingi msimulizi ni kanisa lenyewe, au shule yake.

Jambo hili linaonekana hata katika neno lenyewe. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliunda neno la Kizungu, "genocide", mwaka 1944, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948 ukalifanya kuwa jina la kosa la jinai: kukusudia kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini. Kiswahili kina maneno mawili. "Mauaji ya halaiki" yanataja wingi wa waliouawa. "Mauaji ya kimbari", yaliyoenea sana baada ya mahakama ya Rwanda kuwekwa Arusha, yanatoka katika mbari, yaani ukoo, na kwa hiyo yanataja sababu. Neno la pili ndilo sahihi zaidi kisheria, lakini lina mtego ndani yake: linamfanya msikilizaji aone kana kwamba mbari zilikuwepo tangu mwanzo, zimejipanga, zikingoja siku ya kupigana. Kazi ya Katongole, kwa sehemu kubwa, ni kuonyesha jinsi mbari zinavyotengenezwa.

Mmoja wa watengenezaji aliwahi kupita Fizi kwa mtumbwi. Mwezi Aprili 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Ujiji, wakavuka ziwa hadi Ubwari, rasi ndefu iliyo mbele ya Baraka, ambayo Burton aliiandika kuwa kisiwa, kisha wakapanda na ufuko wa magharibi hadi Uvira. Miaka mitano baadaye, mwaka 1863, Speke alichapisha kitabu cha safari yake nyingine, ile ya chanzo cha Nile, na ndani yake akadai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu ni watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Ethiopia, wa uzao wa Hamu. Hakuwa na ushahidi zaidi ya sura za watu na mawazo aliyotoka nayo kwao. Hata hivyo simulizi hiyo ilichukuliwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni, ikaingia katika vitabu vya shule, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila la kila Mnyarwanda katika kitambulisho. Upande wa Kongo mgawanyo ulipita kwenye ardhi. Jamii iliyotambuliwa kuwa na mamlaka yake ya jadi ilihesabiwa kuwa na ardhi. Wafugaji wa milima ya juu, ambao leo wanajulikana kama Banyamulenge, hawakupewa utemi wao. Teritwari ya Fizi iligawika katika sekta nne, Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, ambazo Babembe wanazihesabu kuwa nchi ya wazee wao. Swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilipata hapo mizizi ambayo haijang'oka.

Kanisa lilifika mapema. Wamisionari wa Afrika wa Kardinali Lavigerie walifungua kituo katika nchi ya Masanze, karibu na Ubwari, mwaka 1880, wakahamia Kibanga mwaka 1883. Ufuko huo ulikuwa njia ya biashara ya watumwa iliyoelekea Ujiji, na mapadri walikomboa watoto kwa bidhaa, wakawalea, wakawaozesha na kuwapa viwanja katika kijiji cha Wakristo. Ulinzi wa misheni za ziwa ulikuwa mikononi mwa askari wa zamani wa Papa, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyebaki Tanganyika hadi kufa kwake mwaka 1927. Alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke wa huko, na wana wao wawili wakawa mapadri. Uislamu nao uliingia kwa njia ileile ya biashara, na hata jina la Baraka ni la Kiarabu cha Waswahili. Waprotestanti walikuja katika karne ya 20: Wapentekoste wa Uswidi tangu 1921, na Wamethodisti Huru, ambao hospitali yao ya Nundu inajulikana katika ukanda mzima. Makanisa hayo ya Kiprotestanti yalipata waumini miongoni mwa Babembe wa ziwani na Banyamulenge wa milimani pia. Jamii hizo mbili zilikuwa na wachungaji waliosoma pamoja na nyimbo walizozijua wote kwa moyo.

Umwagaji damu wa kwanza uliogusa makanisa hayo moja kwa moja ulikuja na uasi wa Simba wa mwaka 1964. Waasi walidai kufuata mafundisho ya Pierre Mulele, lakini kilichowashika pamoja vitani kilikuwa dawa: mpiganaji alinyunyiziwa maji na mganga, akapewa miiko, na akiitunza risasi ingegeuka maji. Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma hadi Kibamba mwezi Aprili 1965 pamoja na Wakuba wake, alikuta imani hiyo imetawala jeshi lote, naye akaiandikia kurasa nyingi katika kumbukumbu zake za Kongo. Alihuzunika kuiona, kwa kuwa mpiganaji aliposhindwa alilaumiwa kwa kuvunja mwiko, na somo la kijeshi halikupatikana. Jina la Mai-Mai, linalobebwa na wanamgambo wa Kivu hadi leo, limetokana na maji hayo. Mtafiti wa falsafa ya dini hawezi kuyapita kwa dharau. Maji ya mganga na maji ya ubatizo yalikaa katika mwili wa kijana mmoja, na kila maji yalimwambia yeye ni wa nani.

Tarehe 28 Novemba 1964 kiongozi wa waasi, Abedi Masanga, alifika kwa gari kwenye misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, Mksaveri wa Italia, alitoka kumpokea akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akaamriwa apande gari, akakataa. Alipiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, akauawa papo hapo. Jioni ya siku hiyo gari lilipanda Fizi. Padri Giovanni Didonè alifungua mlango akapigwa risasi, na baada yake Padri Albert Joubert, mtoto wa kapteni na Agnes Atakaye, aliyekuwa na umri wa miaka 56. Waliouawa Baraka na Fizi siku hiyo hawakufa kwa sababu ya mbari. Hata hivyo siku ile inahusu mada hii, kwa kuwa damu ya Joubert mwenyewe ilikuwa na Ufaransa na Tanganyika ndani yake, na hadithi ya Simba haikuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Uasi ulipovunjwa, Laurent-Désiré Kabila aliendelea na mapambano katika milima ya Fizi, na mwezi Desemba 1967 akaunda chama chake cha PRP. Mwaka 1972 jeshi la Burundi liliua Wahutu kati ya laki moja na laki tatu kwa makadirio ya watafiti, na maelfu ya waliosalimika walivuka ziwa kwa mitumbwi wakapokelewa ufukoni mwa Fizi na Uvira. Watu wa pwani hiyo walijua kwa macho yao mauaji ya kimbari ni nini kabla neno la Kiswahili halijaenea.

Mwezi Septemba 1996 ghadhabu dhidi ya Banyamulenge ilikuwa imefika kileleni katika Kivu Kusini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, inayoitwa kwa kawaida Ripoti ya Mapping, inaeleza kwamba wanamgambo wa Kibembe wakisaidiwa na askari wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waliua karibu Banyamulenge 300 Baraka, na wengine 152 Lueba, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi mmoja baadaye mkondo uligeuka. Majeshi ya AFDL, muungano wa waasi wa Kabila, na ya Rwanda yaliingia, na mwishoni mwa Oktoba, katika kijiji cha Abala-Ngulube, yaliua takriban watu mia moja, waumini wa kanisa la wenyeji liitwalo Malkia wa Ubembe, waliobaki kijijini wakati wengine wanakimbia. Tarehe 29 Oktoba, Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekuwa akiwatetea hadharani wenyeji na wakimbizi wa Kihutu pia, aliuawa barabarani. Wengi waliosalimika Fizi walivuka hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yao.

Vita vya pili vilikuwa vikali zaidi. Tarehe 24 Agosti 1998 paroko wa Kasika, katika teritwari jirani ya Mwenga, aliuawa pamoja na watawa, mwami na mamia ya wananchi. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, wakati ambapo familia zilikuwa katika sikukuu, waasi wa RCD na washirika wao waliua watu zaidi ya 800 huko Makobola na vijiji vya jirani, kaskazini mwa Fizi, wengine wakichomwa ndani ya nyumba zao. Mrithi wa Munzihirwa, Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli mwaka 1999 akilaani ukandamizaji wa watawala wa RCD. Mwezi Februari 2000 walimfukuza Bukavu na kumpeleka Butembo, akarudi Septemba, akafariki Italia tarehe 4 Oktoba. Kisha tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge waliokimbia Kivu Kusini, waliuawa usiku ndani ya mahema. Waasi wa Burundi wa FNL walikiri kuhusika. Waliosalimika walieleza kwamba washambuliaji walikuja na ngoma, wakiimba nyimbo za dini.

Katika miaka hiyohiyo Katongole alikuwa akiligeuza swali lake la Leuven kuwa uchunguzi wa mauaji. Tangu 2001 alifundisha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ambako mwaka 2005 yeye na Chris Rice walianzisha kituo cha upatanisho, na akawa anawapeleka wanafunzi Uganda na Rwanda, wakae na watu badala ya kuwasoma tu. Kitabu chake kuhusu Rwanda, "Mirror to the Church", kilitoka mwaka 2009. Kinaanza na kalenda: Pasaka ya 1994 ilikuwa tarehe 3 Aprili, na mauaji yalianza juma hilohilo, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa Wakristo. Ntarama na Nyamata watu waliuawa ndani ya makanisa waliyoyakimbilia. Jibu la Katongole ni kwamba Ukristo wa Rwanda ulikuwa umeipokea hadithi ya Wahamu kana kwamba ni maumbile ya dunia, ukajenga juu yake, na kwa hiyo ubatizo haukumpa mtu watu wapya wa kuwa wake. "The Sacrifice of Africa", kilichofuata, kilirudi hadi Kongo ya Mfalme Leopold na kudai kwamba dola za Afrika ziliundwa kwa hadithi inayoruhusu watu watolewe kafara, na kwamba hadithi hiyo bado inatawala hata baada ya bendera kubadilika.

Dai hilo linapofikishwa Fizi linapata nguvu, na pia linapata kikwazo. Nguvu ni kwamba nyimbo za Gatumba, maji ya Mulele na vitambulisho vya Wabelgiji vyote vinaeleweka kama hadithi zinazogombania mwili wa mtu mmoja. Kikwazo ni kwamba Fizi si Rwanda. Haina pande mbili bali jamii nyingi, na kila moja ina makaburi yake. Na ugomvi hauishi katika hadithi peke yake. Unatembea kwa miguu minne. Kila kiangazi ng'ombe wa Banyamulenge hushuka kutoka malisho ya juu kuelekea Ngandja na Lulenge, na kwa desturi mfugaji humpa chifu wa Kibembe itulo, zawadi ya kupitia na kulisha. Itulo ikitolewa kwa heshima, mfugaji na mwenyeji hukaa pamoja. Ikigeuka kodi ya mwenye bunduki, au ikikataliwa, ng'ombe huporwa, mashamba hukanyagwa, na vijiji huchomwa. Falsafa inayoeleza mauaji kwa hadithi inahitaji kueleza pia ng'ombe, na katika vitabu vya mwanzo vya Katongole ardhi ina nafasi ndogo mno.

Yeye mwenyewe alilifikia jambo hilo kwa njia yake. Kuanzia 2012 alishiriki kuanzisha Taasisi ya Bethany huko Luweero, Uganda, inayowafundisha vijana wa vijijini kilimo na utunzaji wa misitu, na mwaka 2013 alihamia Chuo Kikuu cha Notre Dame. "Born from Lament", cha mwaka 2017, ndicho kitabu chake kinachokaribia Fizi zaidi, kwa kuwa kinakaa mashariki ya Kongo na kaskazini ya Uganda, na Kataliko ana nafasi kubwa ndani yake. Hoja ni kwamba maombolezo yana maarifa ndani yake. Anayelia mbele ya Mungu na kumuuliza kwa nini, anakataa kwamba kifo kile ni cha kawaida. Akinyamazishwa, au akiharakishwa kufika kwenye msamaha, ukweli wa kilichotendeka unazikwa naye. Mtu yeyote aliyekaa kwenye kilio mashariki ya Kongo, usiku, wakati wanawake wanamtaja marehemu na kumwita kwa majina ya nyumbani, anajua kwamba pale ndipo watu wanaposema nani alikuja, kwa njia ipi, na nani alifungua mlango. Kataliko, kwa usomaji wa Katongole, aliugeuza uombolezaji huo kuwa msimamo wa siasa bila kuchukua silaha. "Who Are My People?", cha mwaka 2022, kinaendelea kutoka hapo, na humo hatimaye vita vya kikabila, vya kidini na vya ardhi vinachunguzwa kwa pamoja.

Mahakama zimekwenda kwa mwendo wao. Ripoti ya Mapping iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, na kusema kwamba swali la mauaji ya kimbari, hasa kuhusu wakimbizi Wahutu, linapaswa kuamuliwa na mahakama yenye mamlaka. Mahakama hiyo haijaundwa. Kilichofanyika Fizi kilihusu kosa la baadaye: siku ya mwaka mpya wa 2011 askari wa jeshi la taifa walibaka wanawake wengi katika mji wa Fizi, na mwezi Februari mahakama ya kijeshi ya kuhamahama iliketi Baraka. Wanawake walitoa ushahidi, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Hukumu ilisomwa katika mji uleule ambako watu karibu 300 waliuawa mwaka 1996. Mwezi Desemba 2022 bunge la Kongo lilipitisha sheria ya fidia kwa waathirika, na tarehe 2 Agosti ikawa siku ya kitaifa ya kumbukumbu.

Tarehe 18 Agosti 2024, katika mji wa Uvira, makao ya jimbo la Kikatoliki ambalo Fizi ni sehemu yake, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza Faccin, Carrara, Didonè na Albert Joubert kuwa wenye heri, miaka 60 baada ya kuuawa kwao Baraka na Fizi.